Begi la Kwenda Ijumbi

Jumatatu, 4 Novemba
Bosi wetu, Mzee Julius, ametangaza: ofisi inahitaji mtu wa kuongoza watalii kwenye milima ya Muleba. Jumamosi tutapanda Ijumbi kwa miguu, kisha atachagua kati yangu na Philbert. Philbert ana miguu. Mimi nina cheti. Tangu niajiriwe nimekaa nyuma ya meza nikiombea simu isiite. Nafasi hii lazima niipate. Mkakati: kumshinda kwa begi.

Jumanne, 5 Novemba
Dukani kwa Mama Chetna, mjini. Amenivisha begi la mgongoni la wastani, akatia maharage ndani, akaniamuru nizunguke katikati ya magunia. Akakaza mkanda wa kiunoni. Mzigo ubebwe na nyonga, akasema, mabega yasindikize tu. Lilinikaa kama nimezaliwa nalo.
Lakini ukutani lilining'inia jingine, kubwa, kamba kila upande. Begi la mtu anayeheshimiwa. Nikalichukua. Mama Chetna akauliza kama nahama. Mkanda ulinizunguka ukabaki. Nikamwambia nitanenepa.

Alhamisi, 7 Novemba
Mazoezi migombani, Buhembe. Begi likiwa tupu linalegea, halina heshima. Likijaa, siinuki. Suluhisho: mto wa kulalia. Limevimba vizuri, uzito hakuna. Mama mwenye nyumba, Benigna, ameniona nalo akauliza nimepata uhamisho wa wapi. Alionekana mwenye matumaini.

Jumamosi, 9 Novemba
Asubuhi tukufu. Nilipanda mbele ya wote. Mzee Julius akamwambia Philbert, mwenye kibegi cha shule, amtazame mwenzake alivyosheheni na bado anakimbia. Kazi nikaiona mkononi.
Kule juu shangazi yake Mzee Julius, Mama Felicitas, akatukaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Kisha akaliona begi. Huku kwetu anayerudi mjini na begi haondoki hivihivi, maadamu mwenyeji ana ndugu mjini. Akaleta ndizi za kumpelekea binti yake mjini. "Waitu, mwenzetu Projestus, Mungu ndiye amekuleta." Nani amkatalie mama mzee? Akafungua begi mwenyewe. Akautoa mto.
Mzee Julius akauliza kama nilipanga kulala. Nikasema ni kwa ajili ya shingo za watalii. Philbert ilibidi akae chini.
Majirani nao wakaja: mihogo, maharage, senene wa kukaanga. Begi likameza vyote. Mkanda ukateleza hadi mapajani. Nimeteremka kinyumenyume. Philbert alinibebea mto kichwani, akisalimia kila mtu njiani.

Jumatatu, 11 Novemba
Jana niligawa mizigo mjini, nyumba kwa nyumba. Leo kazi amepewa Philbert. Nililia kidogo, chooni, kwa adabu.
Ila mchana Mama Felicitas akampigia simu Mzee Julius: kila kitu kimefika, hata senene hawakuguswa, yule kijana mwaminifu anarudi lini? Nikaitwa. Mzee Julius akasema safari ijayo niende kama msaidizi, na nikifanya vizuri nami nitaongoza. Sharti moja: nikabadilishe begi, nichukue linalonienea.
Dukani ndiko nitokako. Mama Chetna, mtu mwema, alikubali, akanivisha tena lile la wastani. Raha tupu. Ndipo nikaona jingine nyuma ya mlango, kubwa kuliko yote, na lina magurudumu.
Nimelichukua. Milimani sasa nani atanishinda?