Ombi la Kuidahili Familia Yangu Badala Yangu

Ndugu Msajili wa Chuo,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na meza isiyo na karatasi nyingi. Mimi ni msichana niliyemaliza shule ya sekondari mwaka huu, na matokeo yangu ni mazuri kiasi cha kuniletea matatizo. Wiki iliyopita nilikuja chuoni kwenu ili nikueleze haya ana kwa ana. Mlinzi wa geti akaniuliza, "Unamtaka nani, binti?" Nikamwambia nimepotea njia. Akanielekeza kwa upole mpaka kituo cha basi, nami nikaona vibaya kumkatalia mtu mkarimu hivyo. Nikapanda basi, nikarudi nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Ombi langu ni fupi. Ile nafasi ambayo mngenipa mimi, naomba wapewe Baba, Mama, Mjomba na Shangazi. Najua nafasi ni moja na wao ni wanne. Lakini hata sasa wanagombea nafasi moja, yaani mimi, na wameenea wote.

Sababu zangu ni hizi:

1. Kwetu kuna kikao. Kila jioni tukishakula, sahani zinasogezwa pembeni, Baba anagonga glasi kwa kijiko na kusema, "Kikao kimefunguliwa." Tangu matokeo yatoke, agenda ni moja tu, nayo imekaa pale mezani inachezea ncha ya kitambaa. Kanuni ya kikao ni kwamba kunyamaza ni kukubali. Baba ameitoa kazini kwake, maana yeye ni karani wa bohari, na anasema kule inaokoa muda sana. Sibishi. Ila katika nyumba yetu wapo watu wawili ambao hawasemi kikaoni. Wa kwanza ni Bibi, ambaye akimaliza kula huvua meno yake ya bandia na kuyatia kikombeni kwa sababu yanambana. Wa pili ni mimi, ambaye meno yangu hayana tatizo. Kwa hiyo kila anayetoa hoja anaanza na kura tatu: yake, ya Bibi na yangu. Nimepitishwa kuwa wakili kwa kauli moja, na daktari kwa kauli moja, na mimi sikuwa nayo hata hiyo moja.

Usidhani sijajaribu. Nikitaka kusema huwa nainua kidole. Mjomba anaponiona anasema, "Mtoto ana kiu," na kunisogezea jagi. Nimekunywa maji mengi sana mwaka huu.

2. Baba anataka nisome sheria. Mfereji wa bati la jirani yetu, fundi seremala, unamwaga maji kwenye ukuta wetu kila mvua inaponyesha, na Baba anaamini kwamba kesi hiyo inasubiri tu mimi nihitimu. Lakini, Ndugu Msajili, wakili tayari tunaye. Mvua ikianza tu, Baba anatoka na mwavuli kusimama mbele ya ukuta na kuuambia, "Vumilia, shahidi wangu." Amekwisha kumhoji seremala mara nyingi kupitia dirisha la bafu. Seremala naye hujibu kwa kupiga randa kwa nguvu. Mtu mwenye wito wa namna hii kumwacha bila elimu ni dhuluma.

3. Mama anataka nisome udaktari. Mama ni mshonaji. Mteja akija kupimwa kiuno, anaondoka amepimwa na ini. Humvuta kope la chini, humwambia atoe ulimi, kisha huandika urefu wa mkono. Anayo dawa ya kila ugonjwa, na kama huna ugonjwa anao wa kukuazima. Mimi nikiona damu ya kidole kilichochomwa na sindano hukaa chini. Mama amelieleza hilo kikaoni: "Hiyo ni presha ya kushuka. Ukishakuwa daktari utajitibu."

4. Mjomba, kaka yake Mama, anataka nisome uhandisi, kwa sababu anasema kipaji kiko kwenye damu ya upande wao. Ni yeye aliyetengeneza feni ya sebuleni. Tangu siku hiyo feni haizunguki mpaka mlango wa jokofu uwe wazi. Tulipomuuliza, alisema hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake tangu mwanzo, kwani sasa chumba kinapoa mara mbili. Maziwa yanaharibika, lakini tunayaharibu tukiwa na raha. Nakuomba sana mumpokee huyu, hata kama wengine mtawakataa. Ameanza kuangalia pasi.

5. Shangazi, dada yake Baba, ni msusi, naye ameamua niwe rubani. Hajaamua kwa siri. Saluni nzima inajua, na nikipita wateja wananiita Kapteni. Juzi mama mmoja akiwa amesukwa upande mmoja tu alinishika mkono akaniomba nimwekee kiti cha dirishani. Nilimwambia sawa. Ndugu Msajili, mimi nikipanda kwenye stuli kushusha sufuria kubwa, Bibi hunishika miguu, maana naona kizunguzungu. Shangazi anasema kizunguzungu ni cha watu wanaotazama chini, na rubani anatazama mbele.

6. Hili si lalamiko. Nimeliweka hapa kwa sababu nilikwisha kuandika namba.

Mwezi uliopita nilimpeleka Bibi kliniki ili meno yake yalegezwe, ingawa mpaka leo bado yanambana. Daktari aliyachukua, akayapitisha kwenye chumba cha nyuma, mlango ukabaki wazi kidogo. Ndani alikuwa mwanamke mmoja ameketi peke yake mbele ya taa ndogo ya moto. Alikuwa na nta ya rangi ya fizi, na vimeno vimepangwa kwenye sahani kama punje za mahindi, na alikuwa anavipachika kimoja kimoja huku akiimba puani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipomaliza aliyainua meno usawa wa uso wake, akayatazama, kisha akayatabasamia, kama vile meno ndiyo yaliyoanza kumchekea. Sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nyumbani tulidhani meno ya bandia huja kwenye maboksi, kama viatu. Baadaye nimeona kwenye kijitabu chenu kwamba mnayo kozi ya ufundi wa meno ya bandia, ukurasa wa mwisho, chini ya ramani ya maegesho ya magari. Nimetaja tu.

7. Mwisho wa maombi ni Ijumaa, na fomu yenu ina mstari mmoja tu wa kuandika kozi. Kikao kilikaa juu ya mstari huo jioni tatu. Mjomba alisema waandike herufi ndogo. Baba, ambaye ni mtu wa suluhu isipokuwa kwa seremala, akapendekeza kozi iwe "Udaktari wa Sheria za Uhandisi wa Ndege." Shangazi akauliza kama ina sare. Baba akasema penye wengi hapaharibiki neno, akagonga glasi. Bibi alinyamaza, nami nikanyamaza. Ikapita.

Siku iliyofuata walimwalika mwalimu wangu wa ushauri ili aibariki. Mwalimu alisoma mstari ule, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akasema, "Mimi nashauri mtoto mwenyewe aulizwe." Wote wakageuka wakanitazama, hata feni ikasimama, maana Mjomba alikuwa amefunga jokofu kwa heshima. Nikanyamaza. Baba akasema, "Umesikia, Mwalimu? Amekubali."

8. Kutokana na hayo yote, ni wazi kwamba katika nyumba yetu watu wanne wanajua hasa wanachotaka kusoma, na mimi ndiye ninayepelekwa. Naomba kosa hilo lirekebishwe kama ifuatavyo. Baba aingie sheria, ila asipewe chumba chenye dirisha la bafu. Mama aingie udaktari, na wapishi wenu waonywe mapema. Mjomba aingie uhandisi, lakini asikae karibu na swichi. Shangazi aingie urubani, na abiria wake wajue kwamba safari ni ya siku nzima na hairuhusiwi kutikisa kichwa.

Mimi nitabaki nyumbani na Bibi, niwe mzazi. Nitawatuma wakiwa wamechana nywele. Siku ya wazazi nitakuja, nitakaa nyuma, na nitawauliza wahadhiri kwa nini Baba amepata alama ndogo kuliko za jirani. Wakirudi likizo, nitagonga glasi na kuwauliza mbele ya wageni watakuwa nani. Wakisita kidogo, nitajua wamekubali.

Naamini utalitazama ombi hili kwa jicho la mtu ambaye naye aliwahi kuwa mtoto wa watu. Nisalimie wahadhiri wote, wapishi, watunza bustani, na yule mlinzi wa geti. Mwambie nilifika salama.

Wako mtiifu, na mkimya,

Mwombaji

N.B. Ndugu Msajili, naomba upuuze barua yote iliyo hapo juu, isipokuwa namba 6.

Nilimpa Baba bahasha aipeleke posta, kwa kuwa yeye hupita hapo akienda kazini. Nilisahau kuifunga. Jioni aligonga glasi, akasema kuna hati imeletwa inayohusu agenda, akaisoma kwa sauti kuanzia Ndugu Msajili mpaka mlinzi wa geti. Alipomaliza hakuna aliyesema kitu. Mama alikuwa ameshika sindano hewani. Mjomba alikuwa anatazama jokofu. Ndipo Bibi, ambaye meno yake yalikuwa kikombeni, akapiga meza kwa kiganja na kusema, "Mmenyamaza. Basi limepita. Wote wanne, nendeni mkafungashe."

Hapo kikawaka. Mama akasema, "Mimi nikakae bweni? Nani kaniuliza?" Shangazi akasema ana wateja mpaka mwisho wa mwezi na haendi popote. Mjomba akasema umri wake hauruhusu mitihani, na kwamba anajua zaidi ya walimu. Baba akasimama kabisa, akasema, "Haiwezekani! Mtu hapangiwi maisha yake mezani kwa sababu tu hakuwahi kujibu!"

Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Akakitazama kijiko kilichokuwa mkononi mwake, akakiweka chini taratibu, akakaa.

Nikainua kidole. Mjomba akanisogezea jagi. Nililisogeza pembeni, Ndugu Msajili, sikunywa. Nikasema, "Nataka kutengeneza meno." Shangazi akauliza, "Kuyang'oa?" Nikasema, "Kuyatengeneza." Mama akauliza, "Ya nani?" Nikasema, "Nianze na ya Bibi." Ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa katika nyumba hii. Baba hakugonga glasi. Alizunguka meza, mtu mmoja mmoja, akiuliza, "Wewe unasemaje?" na akasubiri jibu litoke mdomoni. Mama alisema koti ni jeupe, kwa hiyo si mbali na udaktari. Mjomba alisema meno ni mashine. Shangazi alisema sawa, ila saluni ataiambia nini. Bibi alisema, "Mlegezeni mtoto kama anavyotaka kunilegezea meno." Mimi niliulizwa wa mwisho. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo naomba nafasi yangu, ile moja, nipewe mimi. Kuthibitisha nia, nimefunga ndani ya bahasha hii mfano wa meno ya juu ya Bibi niliouchonga mwenyewe kwa mishumaa: mweupe kwa meno, mwekundu kwa fizi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenitolea kikombe nilichouhifadhia, kilichokuwa kando ya chake, na kuniambia, "Tia kwenye bahasha, waone."

(Nyuma ya bahasha:)

Ndugu Msajili, asubuhi yote Bibi amekuwa akisifu kwamba leo meno hayambani hata kidogo. Sasa hivi nimeletewa habari hapa posta kwamba amekunywa chai ya moto na fizi zimeyeyuka; bahasha imeshapigwa muhuri, na karani ameniruhusu kuandika nje tu. Yaliyomo humu ndani ndiyo ya kweli. Tafadhali yarudisheni haraka, maana amealikwa harusini Jumapili na amekasirika kwa mdomo uliofumbwa. Lakini kama uliifungua bahasha kabla ya kusoma hapa, ukayageuza mkononi ukidhani ni nta, naomba usinisifu sana: hayo si yangu. Yangu ni yale ambayo Bibi aliyavaa tangu alfajiri bila kujua.