Kanisa Limevuka Mto

Jumatatu, 2 Mei 1853

Mji wetu wa Wexham unataka picha yake. Ichongwe kwenye bamba la shaba, ichapwe, itundikwe sebuleni kwa watu kabla ya sherehe za uhuru za tarehe nne Julai. Shemasi Stroud, mwenyekiti wa kamati, katangaza jana baada ya ibada. Nikasimama. Mchongaji wa picha mjini hapa ni nani kama si mimi, Lemuel Tuttle, miaka ishirini na miwili mkono kwenye shaba? Shemasi akaniambia nikae, hajamaliza. Yupo na Bwana Crail pia. Kamati itatazama kazi zote mbili na kuchagua moja, na jina la mshindi litasomeka chini ya picha, pembeni, hata sote tukishazikwa.

Thaddeus Crail! Kaja majuzi tu kutoka Boston na makoti yake mawili. Watu wanayasifu mawingu yake. Mawingu, kitu ambacho hata ng'ombe akiinua kichwa anakiona bure.

Mimi wivu sina. Naandika tu yaliyotokea.

Jumatano, 4 Mei

Nimedamka nikapanda kilima cha kusini, niuchore mji kabla yake. Nafika, mwenzangu keshakaa. Tena juu ya jiwe bapa, jiwe pekee linaloonyesha mto wote: ukingo wa magharibi wenye kanisa, benki na nyumba za waliojaliwa, na ukingo wa mashariki wenye kiwanda cha ngozi na harufu yake. Akanikaribisha kahawa. Nikasema nimeshakunywa. Tumbo likanguruma, akasikia.

Nikakaa nyuma yake. Kwa hiyo mchoro wangu una mto, una mji, na una mgongo wa Crail. Si neno. Kila picha ya mji huwa na bwana wa mbele, mwenye kofia, anayeelekeza fimbo yake kwenye mandhari. Bwana huyo atakuwa yeye. Pembeni yake nimeweka mbwa. Mbwa kainua mguu.

Nimeteremka kilima nikipiga mluzi.

Jumanne, 10 Mei

Crail kaja kunywa chai kwangu. Mimi sikumwalika. Kamwalika dada yangu Keziah, ambaye tangu mama afariki ananitunzia nyumba na kunihesabia makosa. Na kioo kakibeba! Kioo cha marehemu mama, kimoja tu nyumba nzima, mahali pake ni juu ya meza yangu ya kazi. Kakipeleka chumbani kwake, eti ajaribie kofia mpya.

Nikamwambia kile ni chombo cha kazi. Ukichonga kitu kulia mwa bamba, kwenye karatasi kinatoka kushoto. Ndiyo maana mchongaji huutazama mchoro wake ndani ya kioo, akachonga anachokiona humo. Keziah akajibu kwamba yeye ana miaka thelathini na minne, na kioo hicho kimeshamtazama Lemuel vya kutosha.

"Kaka, miaka yote hiyo kazini, bado unahitaji kioo?"

Crail anasikia, kikombe mkononi. Ningesema nini? Nikasema sihitaji. Kioo ni cha wanagenzi. Crail akasema yeye bila kioo hawezi hata kuanza. Nikafurahi sana.

Ijumaa, 27 Mei

Wanasema Crail amekaribia kumaliza. Shemasi kapita kwangu kuniomba niurefushe mnara wa kanisa, kidogo tu, kwa utukufu wa Mungu. Nimeurefusha mpaka unachoma wingu. Tatizo ni wingu lenyewe. Mawingu yangu yanafanana na viazi. Keziah ndiye aliyesema, lakini nami nina macho.

Jioni Crail akatuletea jibini. Kaifunga ndani ya nini? Karatasi yake ya majaribio! Nusu ya mji imelowa mafuta, ila anga yote salama. Keziah akala jibini. Mimi nikainyoosha karatasi chini ya Biblia, kisha nikayaiga mawingu mstari kwa mstari. Si wizi. Mawingu ni ya Muumba, na karatasi alishaitupa.

Mchoro wangu wa mji nimeulaza juu ya bamba vilevile ulivyo, nikaufuata kwa sindano. Kazi inakwenda mbio ajabu. Kumbe siku zote kioo ndicho kilichokuwa kinanichelewesha.

Alhamisi, 16 Juni

Siku ya kamati. Nyumbani sikuchapa nakala hata moja, Crail asije akachungulia. Mashine yangu nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka ukumbini, nichape mbele ya watu wote. Nikapaka wino, nikafuta, nikazungusha gurudumu, nikaibandua karatasi taratibu na kuiinua juu.

Shemasi akasogea mbele.

Neno WEXHAM limesomeka safi kabisa, kwa sababu herufi mkono wangu huzichonga kinyume hata nikisinzia. Ila mji. Kanisa lilikuwa mashariki. Mnara wake, ule mrefu wa utukufu, ulikuwa umesimama mlango kwa mlango na madalali wa ngozi mbichi. Na kiwanda cha ngozi kilikuwa palepale ilipo bustani ya Shemasi.

Shemasi akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyemhamisha. Nikasema picha itazamwe kwa moyo mkunjufu. Hawakupiga hata kura. Crail kashinda.

Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuja akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu, akasema mbwa kachongwa vizuri mno, yuko hai kabisa.

Jumamosi, 18 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Kaja Bi Haskett, mwenye baa ya ukingo wa mashariki. Kaiona picha yangu. Kaketi, kavua glavu, na machozi yanamlengalenga. Anasema miaka thelathini watu wake wanaitwa wa ng'ambo. Wakitaka kumwomba Mungu, daraja. Wakitaka kuzikwa, daraja. "Sasa safari hii wavuke wao, Bwana Tuttle." Anataka nakala sitini, kila nyumba ya mashariki moja, na jina langu chini, herufi kubwa.

Sitini! Nikamshika mkono. Nikamwitia Keziah alete pai. Sikumbuki siku niliyofurahi hivi.

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema, na yale mawingu, mtu angeapa ni ya Bwana Crail.

Maharage ya jioni nimemwachia Keziah.

Jumanne, 21 Juni

Nimeikwangua anga. Yote. Keziah alinisihi niache, watu sitini wameipenda ilivyo, kaka, acha. Nikamwambia jina langu halikai chini ya mawingu ya mtu. Nikakwangua, nikasugua, nikachonga mawingu yangu mwenyewe, makubwa kuliko ya yule.

Shaba ikikwanguliwa sana hubonyea, na penye bonde wino hukaa. Hili nalijua. Huwafundisha wengine. Anga imetoka nyeusi tii, na mnara nimeutafuna nusu.

Bi Haskett kaitazama, akavaa glavu zake. Alitaka kanisa, akasema, si kanisa likiungua. Kisha akavuka daraja kwenda kwa Crail, kumuuliza kama angeweza kuchonga mji kinyume makusudi.

Crail kasema anaweza. Anaulaza tu mchoro juu ya bamba bila kioo.

Jumatatu, 4 Julai

Mizinga, bendera, maji ya limau na sukari. Magharibi kila nyumba ina picha yenye kanisa magharibi. Mashariki kila nyumba ina picha yenye kanisa mashariki. Zote mbili pembeni zina jina moja, na si langu. Na zote mbili zina mbwa kainua mguu. Crail kaja kuniomba ruhusa ya mbwa, kistaarabu kabisa, mbele za watu. Ningekataaje?

Keziah anaolewa naye Septemba. Kanirudishia kioo cha mama, maana cha Crail ni kikubwa zaidi. Kweli. Nilichungulia dirishani kwake nikakiona.

Shemeji mtarajiwa anakwenda mji wa Pawkett wiki ijayo kuchora maporomoko ya maji. Kaniambia twende sote, yeye achonge anga, mimi maji na wanyama, majina mawili chini ya picha. Nimemshukuru, nimekataa. Mimi wivu sina, ila naondoka kesho alfajiri, nimtangulie. Bamba nimefunga, sindano nimefunga, biskuti za safari zipo, na jiwe zuri la kukalia nimeshaulizia.

Kioo nakiacha. Ni kizito, na mkono wangu sasa umeshazoea kwenda bila hicho.