Udi Mlangoni kwa Mzee Thani

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Nimepata njia! Bwana Aflah, wakala wa meli, amesema meli itakayotia nanga Alhamisi ina wageni wanaotaka kuuona mji. Zamani hawakuruhusiwa kushuka. Sasa ruhusa ipo, muongozaji hakuna. Wagombea ni wawili: mimi na Ishaq. Atakayewafurahisha wageni wake atapewa kazi ya meli zote.

Lazima nishinde. Mzee Thani, rafiki wa marehemu baba tangu tuko Unguja, amesema wazi hampi binti yake mtu asiye na kazi. Binti ni Hamdiya. Nampenda. Nimeandika, na sifuti.

Ishaq ni jirani yetu, Mmaskati tangu babu wa babu yake. Mji anaujua wote. Kiingereza chake ni "gudmoning" tu, na huitoa hata magharibi ikiingia. Mimi Kiingereza ninacho, cha skuli. Nisichokijua ni mji, maana nina miezi miwili tu hapa. Lakini mji ni mawe na milango. Utanikimbilia wapi?

Jumapili, 6 Desemba

Nimezunguka tangu asubuhi. Subhanallah, mji huu! Ngome mbili, Mirani na Jalali, zimekaa juu ya majabali, kila moja na upande wake wa bandari. Mreno alizijenga, wazee wetu wakamtoa. Nilijaribu kufikiri mawe yale yalipandishwaje. Nikachoka mimi, mawe bado yapo chini.

Na majina ya meli! Mabaharia wameyaandika kwa rangi kwenye majabali ya bandari, makubwa, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Nimeyasoma mpaka shingo ikagoma kurudi.

Mchana nikaenda Matrah, mji wa jirani, nikapotea sokoni. Ubani, iliki, ndimu kavu, mafundi wa fedha wakigonga majambia. Sijawahi kupotea mahali pazuri namna ile. Ishaq akanikuta kona ile ile mara mbili. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, kama mimi ni muongozaji au ni mgeni. Watu wakacheka. Nikamjibu kuwa napima njia.

Habari mbaya: ngome haziingiliki. Jalali ni jela, na askari wake alinirudisha kabla sijamaliza salamu.

Jumatatu, 7 Desemba

Mpango! Ngome wageni wataziona kwa nje, lakini lazima waingie mahali fulani. Watu hawavuki bahari kuja kutazama kuta. Na nyumba gani Maskati inaipita nyumba ya Mzee Thani? Mlango umechongwa mpaka mtu anaona haya kuugonga. Boriti za dari zimechorwa maua mekundu. Upepo wa bahari unaingia humo kama una ndugu ndani.

Nilikwenda kuomba. Mzee akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaongeza kuwa wazee wenzake watakuwepo majlisini, chumba chake cha wageni, haluwa itakuwepo, na yeye mwenyewe atapata kuona kama kweli mimi kazi naiweza.

Akisharidhika, Hamdiya yuko ukuta wa pili tu!

Jumanne, 8 Desemba

Nimezidi kuunoa mpango. Wageni watapokewa kwa udi. Nitatangulia na chetezo, moshi unapanda, wao wananifuata. Nani atausahau mji ulioingia puani?

Nikamweleza Shangazi Muhsina, ninayekaa kwake. Akaacha kupeta mchele. Akaniambia: "Amur mwanangu, huku udi ni kwaheri. Watu washakula, washakunywa kahawa, ndipo unapopitishwa. Mtu akishafukizwa hakuna kukaa, anaondoka. Nnakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

Nimelitafakari neno lake. Shangazi ni mtu mwema, lakini biashara haijui. Wageni wanatoka Ulaya. Watajuaje kuwa udi ni wa mwisho? Kwao moshi ni moshi.

Chetezo chake cha fedha nimekichukua alipokuwa anasali adhuhuri.

Jumatano, 9 Desemba

Ishaq anapita mitaani na jambia la kuazima kwa ami yake, fedha tupu. Anasema wageni wake atawaingiza Jalali. Nikamwambia kuingia Jalali ni rahisi, kazi ipo kwenye kutoka. Hakucheka. Nimefurahi mchana kutwa.

Alhamisi, 10 Desemba

Ya Rabbi.

Asubuhi ilianza vizuri. Nilipewa mzee mmoja na mkewe, na bibi mrefu mwenye kamera. Niliwaonyesha ngome, nikawasomea majina ya meli, nikawapitisha Bab Kabir, lango kuu la mji. Nilisema kwa moyo, maana nilikuwa nayaona mambo yenyewe kwa mara ya tatu tu. Bibi wa kamera alishika moyo wake.

Tukafika kwa Mzee Thani. Nikawasha makaa mlangoni, nikatia udi, nikaingia na moshi wangu. Wazee wamekaa duara, wamependeza, vilemba vimefungwa vikafungika. Haluwa haijafunuliwa. Buli la kahawa ndiyo kwanza linaletwa.

Adabu ni adabu. Huwezi kupita na chetezo mbele ya wazee usiwafukize. Nikaanza na wa upande wa kulia.

Wa kwanza akafukiza ndevu, akashukuru, akasimama, akatoka. Wa pili vile vile. Nikadhani wana udhuru. Wa tatu alilitazama sinia la haluwa kwa huzuni, akavaa viatu. Majlisi nzima ikaondoka kwa heshima kubwa, mmoja mmoja, hakuna aliyeuliza.

Na Mzee Thani? Chetezo kilipomfikia naye akajifukiza, akashukuru, akatoka! Kaenda mpaka Bab Kabir ndipo akajiuliza anakwenda wapi na nyumba ni yake.

Wageni wakaketi, wakamaliza haluwa yote. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anakohoa. Au analia. Sikuthubutu kutazama.

Mzee aliporudi alisema neno moja tu: "Nje."

Ijumaa, 11 Desemba

Nimesali nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Shangazi hakunisema. Alikisugua chetezo chake mbele yangu kwa muda mrefu sana. Heri angenisema.

Hamdiya ndiyo basi.

Jumamosi, 12 Desemba

Kazi ni yangu! Bwana Aflah kaniita mwenyewe. Wageni wangu wamemsimulia sifa mpaka amechoka: hawajaona duniani kote wazee waungwana kiasi kile, wanaosimama na kuwaachia wageni majlisi nzima. Yule mgeni mzee alitokwa na machozi.

Ishaq kaanguka. Jalali walimfukuza. Huko Matrah mgeni wake akalisifu lile jambia, na Ishaq, asije akaonekana bakhili, akampa. Jambia la ami yake! Tangu juzi analala kwa rafiki. Nimemhurumia kidogo, kisha nikaacha.

Nikakimbilia kwa Mzee Thani na habari. Akanijibu dirishani kuwa kazi nimepata, ni kweli, lakini mtu aliyemtoa yeye nyumbani kwake hawezi kumpa binti. Akafunga dirisha. Dirisha zuri, limechongwa pia.

Jumatatu, 14 Desemba

Shangazi karudi kutoka kwa Mzee Thani. Naandika mbio mbio.

Nyuma ya pazia alikuwa Hamdiya. Alikuwa anacheka! Amecheka mpaka akakaa chini. Kamwambia baba yake kuwa tangu waondoke Unguja hajacheka namna ile, na nyumba hii ina heshima ya kutosha, inahitaji mtu wa kuchekesha. Mzee kasema niende Alhamisi asubuhi. Wazee watakuwepo. Nikae, ninywe kahawa, nisishike kitu chochote. Nikiweza hayo, atanisikiliza.

Alhamdulillahi! Nimemshika mkono Shangazi nikaubusu.

Jumanne, 15 Desemba

Bwana Aflah anasema meli nyingine inaingia Alhamisi hiyo hiyo. Wageni wake wamesikia sifa kutoka kwa wa kwanza. Ngome si neno, majina ya meli si neno. Wanataka kuona wazee wakisimama.

Nimefikiri mchana kutwa. Mzee anataka niende kwake Alhamisi. Wageni wanataka niwapeleke kwake Alhamisi. Wazee watakuwepo. Hamdiya anapenda kucheka. Mtu gani mwenye akili angeyatenganisha mambo haya? Kosa langu lile la kwanza nimelijua: moshi ulikuwa mchache, wazee wakaondoka mmoja mmoja, haikupendeza. Safari hii watasimama wote pamoja.

Nimekwenda Matrah, sikupotea. Nimenunua udi mkali kupita wote.