Malalamiko Dhidi ya Mama Pacha, Anayenishinda Bila Kusoma Kitabu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Mimi ni fundi saa wa chumba namba kumi na moja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinamia saa za watu miaka ishirini na cha mvunguni sijakiona, ila mgongo umesahau kunyooka. Ndipo nilipoamua kujifunza upanga mrefu wa kale, ule wa kushikwa kwa mikono miwili. Mji wetu hauna shule ya mchezo huo hata moja. Nikajitafutia kitabu chenye lugha nisiyoielewa na picha ninazozielewa vizuri sana, nikachomoa mpini wa ufagio, nikaanza uani.

Kila picha ina wanaume wawili. Mimi humfuata mwenye suruali nyekundu, kwa kuwa ana masharubu kama yangu. Kila somo huishia kwa yeye kujilaza chali, nami hujilaza, kwani mapumziko ni sehemu ya mafunzo.

Mtu hapigani peke yake, kwa hiyo nilimwomba jirani yetu Mama Pacha, mfua nguo, asimame mbele yangu na ule mti wake wa kuinulia kamba ya nguo. Hapo nikajipalia makaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hasubiri nifungue ukurasa. Nikimwomba subira, hujibu kwamba jua halimngoji mtu na nguo zake bado mbichi.

2. Hutumia mkono mmoja. Wa pili umeshika beseni. Hili halimo kitabuni, nimetafuta.

3. Amenishinda mara arobaini na moja kwa miezi mitatu, na kila mara huniuliza kama nimeumia. Huko kuulizwa, Mwenyekiti, ndiko kunakoniuma.

4. Mke wangu, niliyemfundisha haya yote mezani kwa kutumia mwiko, sasa ni mwanafunzi wake. Vivyo hivyo mwashi wa ghorofa ya pili, muuguzi wa namba nne, na mama yangu mzazi, ambaye majuzi tu alikuwa haoni faida ya kunyanyuka kitini. Kila Jumamosi wanajipanga uani kwa mistari. Shule niliyoitafuta mji mzima imepatikana chini ya dirisha langu, na mwalimu si mimi. Nimeumia, sifichi.

Kwa hiyo naomba Kamati ipitishe azimio kwamba Mama Pacha ashindwe walau mara moja kwa wiki, mbele ya mashahidi, kwa ukurasa nitakaouchagua mimi. Ikishindikana, nitangazwe mshindi kwa maandishi, na tangazo libandikwe penye ngazi.

Wasalimie wa nyumbani kwako, mlinzi wa getini, na wote wanaochungulia madirishani.

Mpangaji wako mtiifu,
Fundi Saa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amekipitia kitabu. Anasema mwenye suruali nyekundu hajapumzika hata siku moja. Ndiye anayepigwa, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kumbe nimekifuata kitabu bila kosa. Mama Pacha alipoambiwa alicheka hadi akaweka beseni chini. Kisha akasema kwamba mimi kuanguka naanguka vizuri kuliko wote, na Jumamosi nisimame mbele niwafundishe wenzangu. Tafadhali ichane barua hii. Na ukinikuta uani nimelala chali, usinisumbue, nipo kazini.