Vita vya Pua na Sakafu kwa Ajili ya Kiti cha Dirishani

Nyamazeni, enyi wenye viuno vyembamba, nanyi wenye viuno vya kukisia! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, kwani leo yanasimuliwa makuu: habari za fundi cherehani aitwaye Komando, jina alilojipa mwenyewe, bwana wa mabega mapana na tumbo linalomtangulia kama tarishi, jinsi alivyolala kifudifudi mbele ya simu mchana kweupe ili kukinusuru kiti chake. Mwenye haraka na aondoke sasa hivi, asije akatukatiza.

Kiti chenyewe hakikuwa cha enzi. Kilikuwa cha mbao, mguu mmoja umelegea, ila kilikaa dirishani, mahali pekee katika chumba kile cha ushonaji ambapo mwanga uliingia bila kuombwa. Macho ya Komando yalikwisha kuanza kumsaliti, naye alijua kwamba akihamishiwa kona ya ndani, chini ya taa inayokonyeza, basi vifungo na pindo za nguo nyeusi ndiyo kwaheri. Jambo hilo lilimtia hofu kweli, ingawa asingelitamka hata kwa bakora.

Aliyekinyemelea kiti ni shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe, fundi kijana mwenye tumbo bapa na mdomo usio na breki. Asubuhi hiyo pini ilianguka. Komando akaitazama pini, pini ikamtazama Komando, na hakuna aliyeinama.

"Shemeji, pini tu mpaka uite watu?" akasema yule kijana. "Pakua programu ya mazoezi, ni ya bure. Piga pushapu moja, moja tu, kabla hatujala chakula cha mchana, na mimi kiti hicho sikihitaji tena. Ukishindwa, unahamia kona."

Mwenye akili angecheka yakaisha. Komando akasimama, akajishika kiuno pale alipokipata, akanena: "Ewe uliyekulia sebuleni kwangu! Mimi nilipokuwa napiga pushapu, wewe ulikuwa unanyonya kidole. Ilete hiyo programu, ije na jeshi lake lote, na huyo mama mpiga pasi hapo awe mwamuzi kati yetu!"

"Mimi nina mashati ya watu hapa," akajibu mama mpiga pasi bila kuinua kichwa. "Haya, fanyeni haraka."

Hapo ndipo lilipotendeka kosa ambalo ni fundi cherehani tu angeweza kulitenda. Programu iliuliza kipimo cha kiuno. Na mtu huyu, ambaye miaka yote amewaambia wateja "Usivute tumbo, mama, pumua kawaida," ambaye humtambua mwongo wa kiuno tangu mlangoni, alijizungushia futi yake mwenyewe, akavuta pumzi, akalimeza tumbo mpaka macho yakamtoka, akasoma namba kwa sauti ya ushindi. Programu, maskini, ikamwamini. Ikampandisha moja kwa moja hadi daraja la Wababe, ambako simu hulazwa sakafuni chini ya uso, na pushapu haihesabiwi mpaka pua iguse kioo.

"Rudi kwa wanaoanza, baba," mama mpiga pasi akamshauri.

"Wababe hawarudi!" akanguruma Komando. Na kweli hakuweza kurudi, maana programu ilikuwa ya bure kwa kupanda tu. Kitufe cha kushuka kilitaka ulipie.

Akashuka yeye mwenyewe. Loh! Mikono ikatetemeka, meza zikatikisika, vifungo vikacheza ndani ya makopo yao, na jeshi la mbele likafika kwanza: tumbo likagusa sakafu, likatulia pale kama limefika kwao. Pua ikabaki hewani.

"Bado, Mbabe. Shuka zaidi," simu ikasema kwa sauti laini ya kike.

"Nishuke wapi tena? Nimeshafika!"

Shemeji akaanza kuburuta cherehani yake kuelekea dirishani. Komando alipousikia mburuto ule, akasaga meno. Akajisukuma juu kwa nguvu asizojua alikozihifadhi, akashuka upya, akainyoosha shingo, pua ikatua juu ya kioo. Lakini sekunde hiyo hiyo tangazo lilikuwa limechomoza, na pua ya shujaa ikalibonyeza. Simu ikaanza kupakua mchezo wa kupika keki.

"Pua imegusa!" akapaza sauti Komando.

"Imegusa keki!" akapinga shemeji.

"Imegusa keki," mwamuzi akaamua.

Mchezo nao ukaja na tangazo lake la keki, ikabidi lisubiriwe hadi mwisho, maana halikuwa na mahali pa kulifungia. Komando akabaki amejiinua juu ya viganja, jasho likimdondoka, akimtazama mama wa kwenye kioo akipiga mayai polepole, kwa furaha, bila haraka yoyote duniani. Jamani, mateso mengine hayana adabu.

"Pumua, baba, utatufia kwa ajili ya kiti," mama mpiga pasi akasema, na safari hii aliiweka pasi chini.

Komando akapumua. Mikono ikaachia. Akaanguka mzima mzima, puu, na pua ikafika kabla ya kila kitu.

"Moja! Hongera, Mbabe!" simu ikashangilia.

"Ameanguka!" akapiga kelele shemeji. "Na kupanda je?"

"Programu haijauliza habari za kupanda," mama mpiga pasi akasema. "Imehesabu. Nishikie mkono huo tumnyanyue."

Wakamnyanyua, wakamkalisha kitini pake kwenye mwanga. Akashika sindano, vidole vikakataa. Akajaribu tena. Mwisho akasema, kwa sauti isiyo ya hotuba kabisa, "Shemeji, hebu nitungie uzi." Kijana akaja dirishani, akautunga mara moja, akarudi kwenye kona yake bila kusema neno, na hilo lilimuuma Komando kuliko sakafu.

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi, na wajukuu wahadithiwe kabla ya kulala, kwamba siku ile sakafu ilishindwa na kiti kikabaki kwa mwenyewe. Komando aliketi dirishani mpaka jioni, mshindi, mikono mapajani, akiwatazama wapita njia. Na nguo nyeusi zote za siku hiyo zilishonwa na shemeji yake, kule kona.