Ukuta wa Dirisha Namba Nne

Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, mara ya mwisho pole pole, ili hata wenye vichwa vigumu waliandike: kuanzia mwezi ujao, hakuna raia atakayegundua wimbo, picha, filamu, tamthilia wala kitu kingine cha sanaa, akakipenda kwa moyo wake mwenyewe, bila kibali cha Idara ya Usajili wa Ugunduzi Binafsi.

Na tuseme ukweli, mambo yalikuwa yamezidi. Watu walikuwa wanagundua ovyo. Mtu Jumatatu kagundua mwimbaji, anamtangaza mtaa mzima. Ijumaa kagundua mwingine, na yule wa kwanza hajamrudisha popote. Mke anagundua tamthilia, mume hana habari. Vijana wanagundua nyimbo walizozigundua baba zao, wala hawaombi radhi. Serikali gani itakaa kimya? Ikaundwa idara. Idara ikapewa jengo, jengo likapewa madirisha manne, na matatu yakafungwa kwa ajili ya ukarabati.

Hiyo ni miaka sita sasa. Kwenye dirisha lililobaki, Namba Nne, alikaa karani mmoja mwembamba, kola imefungwa mpaka kooni, ambaye wananchi walimbandika jina la Kiambatisho. Hakulikasirikia. Aliamini toka moyoni kwamba jambo lisilo na viambatisho halijatokea.

"Nimegundua wimbo," fundi cherehani mmoja alimwambia asubuhi moja, kashika fomu kwa mikono miwili. "Niliusikia kwa jirani. Nilisimamisha mashine kabisa."

"Wa nani?"

"Sijui. Umeme ulikatika."

"Swali la tano, 'Uliguswa kiungo gani?' Umeandika 'hapa'. Hapa wapi?"

Yule dada akajigusa kifuani. Kiambatisho akamwandikia "kifua, upande wa kushoto", maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akaitazama picha ya pasipoti. Kanuni zilitaka picha yenye uso wa mshangao, na ng'ambo ya barabara palikuwa na mpiga picha aliyejenga nyumba kwa kazi hiyo tu.

"Picha hii haifai. Unaonekana kama mtu aliyekuwa anajua."

"Lakini nilishangaa kweli!"

"Sikatai. Ila ushahidi uko wapi?"

Muhuri ukashuka, pwaa: IMEKATALIWA. Muhuri huo ulikuwa wa wino mwekundu na ulifanya kazi mpaka mpini ukalainika. Wa pili, wenye neno IMEKUBALIWA, ulikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Si kwa roho mbaya, hapana. Ni kwamba katika miaka sita hakuna aliyekamilisha viambatisho.

Sasa, yeyote aliyewahi kushika muhuri anajua kwamba ukishaujaza wino, pigo la kwanza na la pili huchafua. Karani mzembe huchafua karatasi ya mwananchi. Kiambatisho hakuwa mzembe: kila alipojaza wino alinyoosha mkono, akapiga mara mbili kwenye ukuta wa kushoto kwake, ndipo akarudi kwenye karatasi. Kalamu zilizogoma alizijaribia huko huko. Miaka sita. Ukuta ulikuwa umejaa kutoka usawa wa kiti mpaka mkono wake unapofika: nyekundu juu ya nyekundu, mpya zikiwaka, za zamani zimefifia kuwa waridi, na katikati mistari ya kalamu inayozunguka zunguka. Yeye hakuwahi kuutazama. Alikuwa kazini.

Aliyeutazama ni Shangazi.

Shangazi alikuwa mfagiaji wa jengo, na shangazi yake kweli, dada wa baba yake. Ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa mshahara wa ufagio, na akamshonea kola ya kwanza. Miezi saba iliyopita alipanga foleni na ndoo yake, akasimama mbele ya dirisha.

"Mwanangu, nimegundua kitu."

"Shangazi, hapa mimi si mwanao. Mimi ni Dirisha."

"Haya, Dirisha. Nimegundua ukuta wako. Kila jioni nikimaliza kupiga deki nasimama pale nauangalia, mpaka nasahau miguu inauma. Sijawahi kupenda kitu cha kutazama maisha yangu yote. Nilidhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Kumbe na mimi nimo!"

Kiambatisho akafungua kitabu cha kanuni. "Unatakiwa uambatishe ugunduzi wenyewe, nakala tatu."

"Ukuta? Nakala tatu?"

"Sikuzitunga mimi."

Fomu ilipanda kwa Mkurugenzi, ikashuka na maneno kwa mkono wake mwenyewe: *Huu ni uchafu. Ikataliwe. Mwombaji aufute.* Kiambatisho akagonga muhuri kwenye fomu ya shangazi yake, na usiku ule chakula nyumbani kilikuwa na chumvi nyingi, wala hakuuliza.

Shangazi hakuufuta. Alikumbushwa kwa mdomo, akasema atafuta. Akakumbushwa kwa maandishi, akasema hasomi vizuri. Idara ikaamua kupaka rangi. Rangi ikaidhinishwa, brashi hazikuidhinishwa. Mwishowe ikatoka barua ya mashtaka: *Kukataa kufuta ukuta unaopaswa kufutwa.* Aitwe kwenye kikao cha nidhamu Alhamisi saa nne. Akikutwa na hatia, afukuzwe, na kiinua mgongo chake kipotee, naye alikuwa amebakiza miezi mitatu tu astaafu.

"Futa tu, Shangazi," Kiambatisho alimsihi nyumbani. "Ni ukuta tu."

"Wewe nilikusomesha ili ujue kusoma," Shangazi alijibu. "Kuona sikukufundisha. Kosa langu."

Maneno hayo yalimkaa kama mfupa wa samaki.

Kumbe Alhamisi hiyo hiyo Waziri alikuwa anakuja kukagua idara, pamoja na waandishi wa habari. Mkurugenzi, mtu wa tumbo na harufu ya marashi, alihaha. Ukuta ule Waziri asiuone, asilani! Akaagiza pazia la buluu, likatundikwa likafunika uchafu wote, na kwa sababu lilikuwa pazia la maana likawekewa kamba nene yenye kishada.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa ofisi. Alisahau Waziri ni mtu wa namna gani. Mheshimiwa alikuwa amezindua visima, madaraja, vyoo vya shule na mara moja jenereta. Akiona pazia lenye kamba, mkono huenda wenyewe.

Aliingia, akasalimia hewani, akaona kishada. Kabla Mkurugenzi hajasema "Mheshimiwa, tuanzie huku", pazia lilikuwa limeshafunguka, na umati mzima ukapiga makofi kwa mazoea.

Waziri akabaki mdomo wazi.

Sisi wenye chuki tungesema alikuwa anaigiza. Hapana. Mheshimiwa alishangaa kweli. Alisogea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Jamani," akasema kwa sauti ya chini isiyo ya hotuba. "Angalieni hii nyekundu inavyofifia. Hapa inauma. Hapa inauma kidogo. Hapa mtu keshazoea."

"Hapo kasema kweli," alinong'ona Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kikao chake, barua ya mashtaka imekunjwa mara nne kiganjani.

"Kazi ya nani hii?"

Mkurugenzi akasogea mbele. "Ni... ni mradi wa muda mrefu wa idara, Mheshimiwa. Chini ya usimamizi wangu wa karibu."

"Hongera sana! Waandishi, andikeni. Huu ni ugunduzi wangu binafsi. Na ili niwe mfano kwa wananchi, nitausajili sasa hivi, mbele ya kamera!"

Foleni ya watu arobaini ikapisha, fundi cherehani akiwa wa kwanza, na picha yake mpya mkononi. Waziri akajaza fomu amesimama, akabandika picha aliyokuwa nayo mfukoni. Kwenye *Uliguswa kiungo gani?* akaandika: *Vyote.*

Kiambatisho akafungua rejista, kama sheria inavyotaka, kuhakikisha kitu hakijaombwa na mwingine. Akapitisha kidole. Herufi U. *Ukuta, kushoto mwa Dirisha Namba Nne.* Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Akainua macho. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu huku jicho moja linatisha. Nyuma yake, kwenye benchi, Shangazi alikuwa anamtazama. Hakumwomba chochote. Alimtazama tu, kama siku ile ya kola, kuona kama imemkaa. Kiambatisho akageuka kushoto, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akauona ukuta wake. Mungu wangu, akawaza, hawa wote ni watu niliowakatalia. Akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mheshimiwa," akasema, "kitu hiki kilishakataliwa."

"Futa hiyo!" Mkurugenzi alimpulizia sikioni.

"Rejista haifutwi, mzee. Kurasa zina namba."

"Kimekataliwa ndiyo nini?" Waziri akauliza.

"Kanuni ya 14," Kiambatisho akasoma kwa sauti yake ile ile ya kila siku. "'Kilichokataliwa kwa kuwa ni uchafu hakitapendwa na mtu yeyote, wa cheo chochote, kwa muda wa miaka kumi. Atakayekipenda hadharani atanyang'anywa redio kwa miezi sita.'"

"Wa cheo chochote! Mjinga gani aliandika hivyo?"

Karani akageuza ukurasa, akaonyesha saini kwa ncha ya kalamu. Kamera ikasogea nayo ikaitazama saini. Ilikuwa saini ya Mheshimiwa mwenyewe, kubwa, yenye mkia, na kila mtu aliijua kwa sababu ilikuwa kwenye kila fomu waliyorudishiwa.

Waziri akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Kuna njia," Kiambatisho aliendelea. "Kanuni ya 15. Uamuzi unaweza kutenguliwa, ikiwa aliyekataa atakiri kwa maandishi kwamba alikosea."

"Nani alikataa?"

Watu wote walimtazama mtu mmoja, wakifuata harufu ya marashi. Mkurugenzi akachukua kalamu. Ikagoma. Akaijaribu ukutani, maskini, bila kufikiri, kisha akaandika: *Nilikosea. Si uchafu.*

Kiambatisho akautoa muhuri wa pili kwenye mfuko wa nailoni. Ulikuwa mkavu kabisa. Akaujaza wino wa buluu, akanyoosha mkono ukutani, akasita. Akageuka.

"Shangazi, niupige wapi?"

Hakusema Mama Mfagiaji, wala mwombaji. Shangazi alisimama, akaja taratibu, akaweka kidole mahali palipokuwa peupe, karibu na pembe. "Hapo. Pamekuwa patupu siku zote." Kiambatisho akapiga mara mbili, IMEKUBALIWA, IMEKUBALIWA, halafu mara ya tatu kwenye fomu ya shangazi yake. Foleni nzima ikapiga makofi, na safari hii hayakuwa ya mazoea. Shangazi alifuta macho kwa kitambaa cha vumbi, bila kujificha.

"Na kikao changu cha saa nne?" akamuuliza Mkurugenzi, akimnyooshea ile barua.

"Kimeahirishwa, mama. Kimeahirishwa milele!"

"Milele si tarehe," Kiambatisho akasema. "Naandika 'shtaka limefutwa'. Halafu, mzee, kuna hili la mtu aliyeagiza ugunduzi ulioandikwa kwenye rejista ufutwe. Nalo lina kikao chake. Nikuweke Alhamisi ijayo, saa nne?"

"Vizuri, vizuri," alisema Waziri, akitazama saa. "Sasa niandikishe mimi."

"Mheshimiwa sasa ni mgunduzi wa pili. Kanuni ya 16: atapenda kwa ridhaa ya mgunduzi wa kwanza."

Mgunduzi wa kwanza alikuwa ameshaanza kupiga deki, maana viatu vya waandishi vilikuwa vimeleta tope mpaka ndani. Waziri akamsogelea na fomu yake, na pengine kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Naomba ridhaa yako."

Shangazi akaegemeza fagio la deki, akaipokea fomu, akaisoma yote. Kumbe alikuwa anasoma vizuri tu. "Mashahidi wawili ambao hawajawahi kuuona ukuta huu?"

Waziri akageuka. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa ameuona, na kamera zilikuwa zimeshaurusha nchi nzima.

"Watafute, hawakosekani," Shangazi alimfariji. "Na picha hii umetabasamu. Inatakiwa ya mshangao, baba. Halafu tokeni nje wote, sakafu ni mbichi. Anayebaki ni mwenye zamu. Dada wa cherehani, njoo, kanyaga pembeni."

Kupitia kioo cha Dirisha Namba Nne, Kiambatisho alimwona Mheshimiwa ng'ambo ya barabara, juani, kwenye kigoda cha mpiga picha. Alikuwa amefungua mdomo, amekodoa macho, ameinua nyusi zote mbili mpaka kipara kimekunjamana. Mpiga picha alichungulia kwenye kamera yake, akatikisa kichwa, na kumwomba ajaribu tena.

"Samahani, mzee," alisema. "Bado unaonekana kama mtu anayejua."