Mashine ya Majani na Posa ya Dada Yangu

Jumatatu, 4 Mei 1959

Mvua tangu alfajiri. Mashine ya kukatia majani imefika hapa bomani Wete. Ya petroli, rangi ya kijani, huwashwa kwa kuvuta kamba. Miaka yote mie Shaame ndiye ninayefyeka uwanja huu, mgongo umepinda. Leo Bwana Msellem, msimamizi wetu, kamkabidhi mashine Nyange. Nyange! Mtu wa kisiwa cha Kojani, kaja juzi tu. Msellem anasema Nyange alikuwa akitunza injini ya mashua. Mie naona majani hayaoti baharini. Sikulisema hilo. Msellem alikuwa keshageuka.

Nyange kapewa ufunguo wa kibanda cha mashine na koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Mie nimepewa reki.

Ijumaa, 8 Mei

Baada ya sala Nyange kaihudumia mashine. Nimejibanza kando ya kibanda kumtazama. Kaiacha injini ipate moto kidogo, akaimwaga oili chafu ndani ya bati, akatia mpya. Kachomoa kijiti cha kupimia oili, kakipangusa, kakirudisha, kakichomoa tena kuona oili imefika wapi. Kaisugua plagi kwa brashi ya waya. Kaosha chujio la hewa. Petroli kaichuja kwa kitambaa. Muda wote anaimba kwa pua. Anajipenda sana mtu yule.

Msellem kapita, kasema mashine imepata mwenyewe. Mie nilikuwa hapo hapo. Hakuniona.

Jumapili, 10 Mei

Makubwa. Mshenga kaja kumposea Nyange dada yangu Time. Time kafiwa na mumewe mwaka juzi, anakaa kwangu, anashona kofia za viua. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo walii wake, mwenye idhini ya kumwoza, ni mie. Kazija, mke wangu, kasema tumshukuru Mungu, mwanamume mwenye kusali na mwenye kazi. Time kainama kwenye kofia yake, lakini nimemwona akitabasamu.

Nimemwambia mshenga nitafikiri. Kabla hajamaliza kahawa nilikuwa nishafikiri.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemwita Nyange pembeni. Nimemwambia mie sina kipingamizi. Lakini watu watasema Shaame kamwoza dada yake mtu aliyemnyang'anya kazi. Basi amwambie Msellem kwamba moshi unamdhuru kifua na kwamba mie naijua injini. Kisha kila Ijumaa aje aihudumie kimya kimya, mpaka nizoee. Baada ya hapo tutazungumza siku ya harusi.

Akauliza kama Time ana habari. Nikamwambia haya ni mambo ya wanaume. Akapangusa mikono yake, akakubali. Nilidhani atabishana. Nimekasirika kidogo kwamba hakubishana.

Alhamisi, 14 Mei

Koti langu! Linabana mabega, ila vifungo vinang'aa. Nimekata uwanja mzima. Mistari imekwenda upogo na maua ya kando ya ngazi yamekwenda nayo. Nimemweleza Msellem kwamba maua yale yalipandwa vibaya. Kazija kauliza nani kanifundisha kazi ya injini. Nimemjibu ni kipaji.

Ijumaa, 22 Mei

Nyange kafanya kazi yote ndani ya kibanda, mlango umerudishwa. Mie nimesimama nje na kitambaa mkononi na oili niliyojipaka shavuni. Msellem kaniona. Kanipa mkono. Mkono wa Msellem, baada ya miaka yote hii!

Wakati wa kutoka Nyange kanisisitizia nitazame kijiti kila siku kabla ya kuvuta kamba, na oili ikishuka chini ya alama nisiwashe. Nimemwambia najua. Kauliza siku ya harusi. Nimemwambia baada ya mavuno ya karafuu. Kauliza karafuu za mwaka huu? Nimemwambia tutaona.

Mposaji huja kila Ijumaa. Akishaoa, ana haja gani ya kunipendeza?

Jumanne, 26 Mei

Limevuja. Nyange kamweleza mshenga, mshenga kamweleza mkewe, na mkewe ni shoga yake Time. Nilikuwa nakula. Time kaweka sindano chini, kaja kasimama mbele yangu.

"Kaka Shaame, ni kweli umeniweka rehani kwa mashine ya majani?"

Nimemwambia si rehani, ni kuchelewesha tu.

"Baba alikuachia unilinde," kasema. "Hakukuachia unikodishe."

Hakulia. Kavaa buibui lake katoka. Kazija kachukua sahani yangu na samaki bado yumo.

Alhamisi, 28 Mei

Nimeitwa kwa kadhi, Time kanishitaki. Time kakaa kando, hanitazami. Kadhi kauliza, mposaji anasali? Nikasema anasali. Mlevi? Hapana. Ana uwezo wa kumtunza mke? Anao. Basi ana kasoro gani? Nikatafuta. Nikasema anaimba kwa pua.

Kadhi kafunga daftari lake. Kasema nitoe idhini, la sivyo ataozesha yeye mwenyewe. Nikaomba nafasi ya kufikiri. Kaniambia nifikirie pale pale. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri, nikasema najisikia vibaya. Kumbe kweli nilikuwa najisikia vibaya.

Ijumaa, 29 Mei

Ndoa imefungwa. Nimesimama ng'ambo ya njia, chini ya upenu wa duka. Nimemsikia kadhi akitaja "Time binti Duni". Jina la baba yangu, katika kinywa cha mtu mwengine. Neno lile lilikuwa langu kulisema.

Kazija karudi na sahani ya biriani. Nimeila yote kwa hasira. Ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 1 Juni

Nimemkumbusha Nyange habari ya Ijumaa. Kajibu kwa adabu zake zile zinazoudhi.

"Shemeji, sasa sisi ni jamaa. Njoo nikufundishe, lakini mchana kweupe, na Bwana Msellem akiwepo."

Nifundishwe mbele za watu, nimevaa koti? Nimekataa.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeihudumia mwenyewe. Ni rahisi, Nyange alikuwa akijikuza tu. Nimechomoa kijiti, nimeona weusi kwenye ncha, basi oili imo. Plagi nimeipuliza. Chujio la hewa lilikuwa chafu mno kuosha, nimelitupa. Mashine itapumua vizuri zaidi.

Alhamisi, 11 Juni

Siku mbaya. Wageni kutoka Unguja wanakuja keshokutwa, kutakuwa na chai uwanjani. Majani marefu, yamelowa. Nilipofika katikati injini ikaanza kugonga kama jiwe ndani ya debe. Nikaongeza moto ili kule kugonga kusisikike. Ikanguruma, ikazimika. Nikavuta kamba. Haivutiki.

Msellem kaja mbio, kamwita Nyange. Nyange kachomoa kijiti. Kikavu. Kachungulia pale chujio linapokaa, kaona tundu tupu. Kaniangalia. Nikangoja aseme yote: kibanda, Ijumaa, posa. Watu walikuwa wamesimama.

Kasema tu kwamba oili imekwisha na injini imenoki, vyuma vimeshikana.

Basi. Nimemchukia hapo kuliko siku zote. Angenishitaki ningemkana. Huyu kanisitiri, sasa nitamfanya nini?

Msellem kanivua koti pale pale. Kifungo kimoja kimekatika. Kasema nikitafute kwenye majani.

Jumamosi, 13 Juni

Tumefyeka tangu alfajiri, wote, mie na Nyange bega kwa bega. Mgongo ule ule. Wageni wamekunywa chai upande uliokatwa wakaupa kisogo upande usiokatwa.

Baadaye Time kaja na chakula cha mumewe. Nikajifanya nanoa fyekeo. Kakata mkate wa kumimina, kipande kikubwa kampa Nyange, kingine kaniletea mie.

"Kula, Kaka."

Nimekula. Nimeomba maji mara mbili. Mkate pengine ulikuwa mkavu.

Jumatatu, 22 Juni

Sikukuu ya Idi imepita. Nyange kapata kazi ya injini ya mashua, kamchukua Time wamehamia Kojani. Nyumba imenyamaza. Kazija husahau, hupakua chakula cha watu watatu.

Mashine imerudi kutoka Unguja na pistoni mpya. Imekuja na fundi wake kutoka Chake Chake, kijana anaitwa Jecha. Koti linamkaa sawasawa, ndilo linaloniuma. Mie nina reki.

Nimelifikiria sana kosa langu na leo nimeligundua. Nilisema harusi iwe baada ya karafuu. Karafuu kila mtu anazijua zimebakisha muda gani. Ningesema baada ya Ramadhani ijayo, hata kadhi angestahi.

Huyu Jecha hana mke, nimemuuliza. Na Mwanabaraka, binti wa marehemu ami yangu kule Gombani, kaachwa tangu mwaka jana na eda yake imekwisha. Hana baba, hana kaka, hana ami. Nimepiga hesabu ya ukoo mara mbili. Walii wake ni mie.

Nimemwambia Kazija aniwekee tayari kanzu nyeupe. Kauliza nakwenda wapi. Nimemjibu nakwenda kumtazama jamaa, ni vibaya kutupa undugu.